BUNGE NI NINI, NA NGUVU ZAKE ZAKOMEA WAPI?

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mbinga, na kuchapwa hapa kwa faida ya wenzetu wa Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na kwingineko ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.



Jambo tulilotakiwa kulieleza ni kubwa kuliko saa moja ya mkutano, walakini tutajaribu kulipanga kwa utaratibu, ili atakayependa aliandike katika daftari yake na kulisoma tena akiwa nyumbani.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni hii. Hakuna karani kati yetu asiyepata kuulizwa mezani pake na mtu aliyetoka mbali: "Ushuru huu wa kahawa umewekwa na nani?" Au mvuvi wa usipa apanda kutoka pwani ya Ziwa na kuuliza: "Nani aliyesema wavu wangu una matundu madogo?" Mara nyingi jawabu letu huwa fupi: "Ni amri kutoka juu." Jawabu hilo si uwongo, lakini halimsaidii mwulizaji. Huko juu kuna milango mingi. Mtu asiyeujua mlango wake huweza kubisha mwaka mzima penye ukuta. Atamlaumu Mbunge kwa neno la Waziri, atamwandikia Waziri kwa neno la Halmashauri, na siku zake za shamba na za uvuvi zitapotea bure. Basi yatupasa sisi tunaoshika kalamu kuujua kila mlango na kazi yake. Katika milango yote ulio mkubwa ni Bunge, nao ndio tutakaouzungumza leo.

ASILI YAKE

Bunge letu lina asili ya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililokutana mara ya kwanza Dar es Salaam tarehe 7 Desemba 1926, Gavana Sir Donald Cameron akiwa kitini. Wajumbe wake 20 wote waliteuliwa: 13 walikuwa maofisa wa Serikali na 7 hawakuwa maofisa. Kati yao Mwafrika hakuwamo hata mmoja.

Tusidhani kwamba Baraza lile lisilo na mtu wetu halikutugusa huku. Mwaka 1932 ilitungwa sheria ya vyama vya ushirika, na chini ya sheria hiyo mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT, cha kuuza tumbaku ya wilaya ya Songea, ambayo Mbinga ilikuwa sehemu yake. Mkulima wa milima hii aliuza mazao yake kwa kufuata maneno yaliyoandikwa pwani ya Bahari na watu asiowajua wala wasiomjua. Hilo ndilo fundisho la kwanza: sheria humfikia mtu hata kama mtu huyo hakuifikia meza ilikotungwa.

Waafrika walianza kusikiwa kidogo kidogo. Mwaka 1931, kabla ya Mwafrika kukaa katika Baraza la Dar es Salaam, watatu kutoka Tanganyika walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba, karani kama sisi, ambaye mwaka 1922 alianzisha Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Mwaka 1945 Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga wakateuliwa kuwa wajumbe wa kwanza Waafrika. Hata mwaka 1948 Waafrika walikuwa wanne tu.

Mwaka 1955 viti vya wasio maofisa viligawanywa sawasawa, kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia na kumi kwa Wazungu, kana kwamba mataifa hayo matatu yalikuwa na watu sawa katika nchi. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa kwa sehemu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila taifa. Kura haikuwa ya kila mtu: alitakiwa awe na elimu ya kiasi fulani, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo. Hivyo karani aliweza kupiga kura pale ambapo baba yake mkulima hakuweza. Tena twakumbuka kwamba mwaka 1953 waraka wa Serikali ulikuwa umewakataza watumishi Waafrika kujiunga na vyama vya siasa, na kwa hiyo wengi waliojua kusoma sheria walifungwa midomo wasizizungumze.

Agosti 1960 ulifanywa uchaguzi mwingine, na TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru, na Baraza likawa Bunge. Mwaka 1964 ukaja Muungano na Zanzibar, mwaka 1977 Katiba tunayoitumia, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa tena. Kutoka Baraza lisilo na Mwafrika hata Bunge huru imepita miaka 35, yaani kiasi cha utumishi wa karani mmoja tangu ujana hata pensheni.

NI AKINA NANI WALIOMO?

Watu wengi husema "Bunge" wakiwa na maana ya wabunge waliokaa Dodoma. Katiba, ibara ya 62, yasema zaidi ya hayo: Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Ndiyo maana muswada uliopitishwa na wabunge wote bado si sheria mpaka Rais aukubali.

Wabunge nao ni wa namna mbalimbali. Wako waliochaguliwa katika majimbo. Wako wanawake wa viti maalum, ambao idadi yao isipungue thelathini kwa mia ya wabunge. Wako watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Yuko Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wako wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais. Naye Spika, kama hakuchaguliwa miongoni mwa wabunge, huhesabiwa pamoja nao. Atakaye kuwa mbunge yampasa awe raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, tena awe mwanachama aliyesimamishwa na chama cha siasa. Mbunge akikihama chama chake, hupoteza na kiti chake.

Kwetu huku, majimbo ya zamani yalikuwa Mbinga Mashariki na Mbinga Magharibi, na pwani ya Ziwa ilikuwa katika Mbinga Magharibi. Tangu uchaguzi wa mwaka 2015 twasikia Mbinga Mjini, Mbinga Vijijini na Nyasa. Kapteni John Komba, aliyekuwa Mbunge wa Mbinga Magharibi, alifariki Februari 2015, na kiti chake kikakaa wazi mpaka uchaguzi mkuu wa Oktoba. Wako waliodhani pwani imesahauliwa kwa kudharauliwa. Sivyo. Katiba haitaki uchaguzi mdogo ufanywe katika miezi 12 ya mwisho kabla ya Bunge kuvunjwa. Karani aliyejua neno hilo moja aliweza kutuliza minong'ono ya kijiji kizima.

SHERIA HUTUNGWA NAMNA GANI?

Sheria huanza kama muswada. Mara nyingi muswada huletwa na Serikali, lakini mbunge au kamati pia yaweza kuleta. Hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa Bungeni mara ya kwanza kwa kutajwa jina tu. Baada ya hapo hupelekwa kwa kamati, na hapo ndipo wananchi, vyama vya wakulima, vyama vya wafanyakazi na wengineo huweza kuitwa au kuandika maoni yao. Twaomba mkazo uwekwe hapa, kwa sababu wengi hungoja kusikia kelele za Bungeni katika redio ndipo waseme, na wakati huo muswada umekwisha kukomaa. Mti hukunjwa ungali mbichi.

Ukirudi kutoka kwa kamati, muswada husomwa mara ya pili, na hapo wabunge hujadili maana na shabaha yake. Halafu Bunge lote hugeuka kuwa kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu, wakibadili neno hili na kuondoa lile. Mwisho husomwa mara ya tatu na kupitishwa, kisha hupelekwa kwa Rais. Rais akikataa, huurudisha pamoja na sababu zake. Hauwezi kuletwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukiungwa hivyo, Rais hana budi aukubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge.

Muswada wa kubadili Katiba hautoshelezwi na wingi wa kawaida: huhitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo mengine yahusuyo Muungano huhitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake.

Sasa tuchukue mfano mmoja tunaoujua sote. Kabla ya Julai 2017 ushuru wa mazao uliotozwa na halmashauri uliweza kufika asilimia 5 ya bei. Katika mkutano wa bajeti wa mwaka 2017 Serikali ilileta Muswada wa Sheria ya Fedha, nao, pamoja na mambo mengine, ukaibadili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Ushuru ukashushwa hata asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Tuufanyie hesabu. Kahawa yenye thamani ya shilingi 1,000,000 ilitozwa shilingi 50,000, na baada ya hapo ikatozwa shilingi 30,000. Kwa sheria anayelipa ushuru ni mnunuzi, lakini kila mkulima ajua kwamba mnunuzi huutoa moyoni kabla ya kutaja bei. Basi mkulima wa Kigonsera au Maguu alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini karani wa mapato katika halmashauri aliyekuwa akiandika shilingi 5 kitabuni sasa aliandika 3, na huku zahanati, madawati na posho za vikao havikupungua gharama. Furaha ya mmoja na mashaka ya mwingine yalitoka katika kura ile ile moja.

Tena madiwani wetu hawakuweza kukaa Mbinga na kusema, "Sisi hatutaki, tutaendelea na tano." Uwezo wao wa kutoza ni uwezo waliopewa na sheria ya Bunge, na aliyekupa kisu aweza kukifupisha. Katiba, ibara ya 138, yakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria iliyotungwa na Bunge au na utaratibu uliokubaliwa na sheria hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuliza juu ya ushuru wa kahawa, jawabu kamili ni hili: kiwango cha juu kimewekwa na Bunge, ukusanyaji ni wa Halmashauri, na matumizi yake huamuliwa na madiwani. Mlango wa kubisha wategemea lile linalomwudhi.

Na yule mvuvi wa Liuli? Yeye ana jawabu jingine. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilitungwa na Bunge, lakini vipimo vya matundu ya nyavu huwekwa katika kanuni, na kanuni hutungwa na Waziri kwa uwezo aliopewa na sheria hiyo. Kwa hiyo malalamiko juu ya kipimo cha wavu huenda kwanza kwa Waziri kupitia ofisi ya uvuvi, na Mbunge aweza kumwuliza Waziri huyo Bungeni. Sheria ni nyumba, kanuni ni milango yake na madirisha. Anayetaka dirisha lisogezwe hana haja ya kudai nyumba ibomolewe.

MFUKO WA NCHI

Nguvu ya pili ya Bunge, na pengine ndiyo kubwa, ni nguvu juu ya fedha. Mapato ya Jamhuri huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na hazitoki humo fedha pasipo idhini ya Katiba au ya sheria ya Bunge. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kwa hiyo tangu Aprili hata mwisho wa Juni wabunge huwa Dodoma katika mkutano wa bajeti, wakichukua wizara moja baada ya nyingine.

Katika siku hizo husikika maneno ya "kushika shilingi". Mwanachama mmoja alituuliza kama mbunge kweli hushika shilingi mkononi. Maana yake ni hii: Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo ya Waziri hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa Waziri huyo. Shilingi yenyewe si kitu. Lakini kwa hoja hiyo Waziri hulazimika kusimama tena na kujibu mbele ya watu wote, na akijibu vema, shilingi hurudishwa. Twaona ni desturi njema, maana yakumbusha kwamba hata mshahara wa mkubwa ni ruzuku ya wananchi.

Bajeti nzima hupigiwa kura kwa kuitwa jina la kila mbunge mmoja mmoja, naye hujibu kwa sauti yake, na jawabu lake huandikwa. Hivyo mwananchi wa Mbamba Bay akitaka kujua mbunge wake alisema nini siku ile, halipo jambo la kubahatisha: Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ziitwazo Hansard, zinayo maneno yote.

Muswada wa kuweka kodi au kutumia fedha za umma hauletwi na mbunge kwa hiari yake. Hauna budi utoke kwa Rais kwa mkono wa Waziri. Kwa hiyo mgombea anayeahidi kijijini, "Nikifika Dodoma nitaleta sheria ya kuwajengeni gati," asikilizwe kwa adabu, lakini aulizwe kwa upole ataileta kwa njia gani. Aliloweza kuahidi kwa haki ni kusema, kuuliza, kushawishi kamati na kushika shilingi.

KUSIMAMIA NA KUULIZA

Katiba, ibara ya 63, yalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali na kuishauri kwa niaba ya wananchi. Wabunge huweza kumwuliza Waziri yeyote swali juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Huweza kuijadili kila wizara wakati wa bajeti. Huidhinisha mipango ya maendeleo. Hutunga sheria, na huridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Waziri Mkuu aliyeteuliwa na Rais hashiki kazi mpaka wabunge wamthibitishe kwa kura nyingi. Kadhalika wanaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani naye, na hata kumshitaki Rais mwenyewe kwa makosa makubwa yaliyotajwa na Katiba, ila hilo la mwisho huhitaji theluthi mbili ya wabunge wote.

Lakini kwa watu wa kalamu chombo cha kusimamia kilicho karibu zaidi ni ukaguzi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua vitabu vya Serikali na vya halmashauri, na taarifa yake hupelekwa kwa Rais. Rais huagiza iwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa mkutano unaofuata. Isipowasilishwa, Mkaguzi aweza kuipeleka kwa Spika yeye mwenyewe. Kisha kamati za hesabu, moja ya Serikali na nyingine ya Serikali za Mitaa, huwaita wakurugenzi na kuwauliza hoja kwa hoja.

Wenzetu, hapo ndipo stakabadhi uliyoiandika wewe chini ya taa husomwa Dodoma. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mbunge hawezi kuuliza juu ya fedha ambayo haikuandikwa mahali popote. Karani aliyeandika kwa haki amemsaidia Mbunge kuliko mpiga vigelegele wa mikutanoni.

Kwamba usimamizi huo si maneno matupu, twaweza kutaja mwaka 2008. Kamati Teule ya Bunge, Harrison Mwakyembe akiwa mwenyekiti, ilichunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Taarifa iliposomwa Bungeni mwezi Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Risasi haikulia wala askari hakuonekana. Lililofanya kazi ni karatasi zilizosomwa mbele ya watu.

Karibu zaidi nasi ni makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa katika wilaya hii. Mwezi Julai 2017 Bunge lilitunga sheria ya kuliruhusu kuipitia mikataba ya maliasili na kuagiza masharti mabaya yajadiliwe upya. Kabla ya hapo, mwanakijiji wa Ruanda aliyeona malori ya makaa yakipita hakuwa na mbunge mwenye uwezo wa kisheria wa kuutia mkono mkataba uliokwisha kusainiwa. Tusifiche kwamba muswada ule uliletwa kwa hati ya dharura, na siku za kutoa maoni zilikuwa chache. Jambo jema likiharakishwa hukosa masikio ya wengi, na penye wengi hapaharibiki neno.

MIPAKA YA NGUVU ZAKE

Tusitoke hapa tukidhani Bunge laweza kila kitu. Wilaya ya Nyasa ilipotengwa na Mbinga, makao yake yakawa Mbamba Bay, haikuwa kazi ya Bunge. Kuigawa nchi katika mikoa na wilaya ni madaraka ya Rais. Mipaka ya majimbo huchorwa na Tume ya Uchaguzi kwa kibali cha Rais. Kesi ya mtu huamuliwa na mahakama, na mbunge hana ruhusa ya kumwamuru hakimu. Nalo Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Rais aweza kulivunja, na wabunge wote wakarudi kwa wapiga kura. Kwa sababu hiyo, pamoja na nidhamu ya vyama, kura ya kuikataa bajeti ni adimu sana.

Tutoe mfano wa Ziwa. Mpaka wa Ziwa Nyasa ulitajwa katika mapatano ya Waingereza na Wadachi ya tarehe 1 Julai 1890, na hakuna mvuvi wa Lituhi wala Lundu aliyeulizwa. Kabla ya uhuru wajumbe waliuliza jambo hilo katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania ikaiambia Malawi wazi kwamba mpaka wapita katikati ya maji. Mwaka 2012 jambo likafufuka kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, na mwezi Agosti Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, akalieleza Bungeni. Baadaye shauri likapelekwa kwa wasuluhishi, viongozi wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano.

Tazameni kila mmoja amefanya nini. Bunge haliwezi kuuchora mpaka peke yake, kwa maana mpaka una pande mbili. Haliwezi kwenda kuzungumza na Malawi, maana hiyo ni kazi ya Serikali. Lakini liliweza kumsimamisha Waziri aseme mbele ya nchi nzima, ili mtu wa pwani ajue msimamo wa Serikali yake pasipo kutegemea uvumi wa sokoni. Na mkataba ukifikiwa ambao masharti yake yahitaji kuridhiwa, utapita mezani pake. Tofauti ya mwaka 1890 na siku zetu ni hiyo: sasa kuna mahali ambapo mtu wa Ziwa aweza kutajwa kwa jina la kijiji chake kabla neno halijakatwa.

Wamatengo wana ngoro. Katika mteremko mkali hulaza majani kwa mistari inayokatana, hufukia udongo juu yake, na katikati huacha mashimo. Mvua ikishuka kwa nguvu, kila shimo hushika maji yake, na mlima haukokolewi. Shimo moja halizuii mvua. Mashimo mengi yakishirikiana huokoa shamba. Ndivyo ilivyo katiba njema. Nguvu zote zikiachwa zishuke kwa mkondo mmoja, zitachukua udongo pamoja na mkulima. Bunge ni shimo kubwa, mahakama ni jingine, Mkaguzi ni jingine, halmashauri ni jingine, nasi na madaftari yetu tu katika majani yaliyolazwa chini, yasiyoonekana, ambayo yakioza kabla ya wakati shamba zima huporomoka.

LILILOTUPASA SISI

Mtumishi wa Serikali hapaswi kuifanya meza ya ofisi kuwa jukwaa la chama chochote cha siasa. Hilo twalikubali kwa moyo, kwa sababu mwananchi wa kila chama ana haki ya kuhudumiwa sawa. Lakini kutofanya siasa kazini si kutojua sheria. Kwa hiyo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila tawi lipate nakala ya Katiba na sheria zinazotumiwa sana katika kazi zetu, na zisomwe pamoja walau mara moja kwa mwezi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa kazi ya kufasiri sheria za zamani ni kubwa. Basi udhuru wa Kiingereza wapungua siku hata siku.

Pili, mwananchi akija na lalamiko, tumsaidie kulitenga: hili ni la sheria, hili la kanuni, hili la sheria ndogo ya halmashauri, hili la utendaji mbaya wa mtu mmoja. Kisha tumwonyeshe mlango wake.

Tatu, miswada inayotugusa, kama ya kahawa, uvuvi, ushirika na utumishi, tuifuate tangu ikiwa kwa kamati. Chama chetu chaweza kuandika maoni kwa adabu na kwa hesabu sahihi. Barua ya kurasa mbili yenye tarakimu za kweli ina uzito kuliko hotuba ya hasira.

Nne, madaftari yetu yawe safi. Hatuwezi kumtaka Mbunge aisimamie Serikali kama sisi wenyewe twamnyima vitu vya kusimamia.

Bwana Mwenyekiti, babu zetu walitawaliwa kwa maneno yaliyoandikwa katika Baraza wasiloliona. Sisi twatawaliwa kwa maneno ambayo twaweza kuyasoma, kuyauliza, na kwa wakati wake kuyabadili. Haki hiyo haina faida kwa asiyeijua, na kwa watu wengi wa milima hii na pwani ile, sisi ndio mahali pa kwanza pa kuijua. Mwenye swali na aulize. Tuliloelewa tutalijibu, na lililotushinda tutalitafuta vitabuni mpaka mkutano ujao.